Siti za Nyuma Kabisa

Nilisema, na nikarudia mara ya pili kwa wasiosikia: gari lisilo na siti saba halilali kwangu. Shemeji akacheka. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akamtazama mume wangu kama anayemuuliza, mkeo leo kaamkaje? Mume wangu ghafla akawa na shughuli nzito na kijiko chake.

Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Nyumbani tunamwita Bingwa, na yeye anadhani tunamsifu. Hakuna asichokijua. Ukiumwa jino, yeye daktari. Bomba likivuja, yeye fundi. Sasa siku tulipouza lile gari letu bovu na kumwambia tunatafuta jingine, mwenzangu, tulikoma! Alikuja na simu imejaa picha, akawa ameshatuchagulia: gari jeupe, siti tano, lina skrini ya kugusa pale mbele na dirisha juu ya paa.

"La kisasa," akasema. "Mafuta halinywi. Na nyie mko watano tu, linawatosha kabisa."

Watano! Nilikuwa nimeshika birika, nikalitua mezani kwa kishindo. Mimi ni msusi. Kutwa nzima nashinda na vichwa vya watu, kwa hiyo kuhesabu vichwa sijashindwa. Kwangu kuna mimi na baba watoto. Kuna mapacha wangu, wavulana wawili wasiojua maana ya kutulia. Kuna kitinda mimba wangu. Halafu kuna Bibie na mdogo wake Kibonge, watoto wa dada yangu, waliohamia kwangu siku tuliyotoka kumzika mama yao. Wanalala kwangu, wanakula kwangu, wakipata homa nakesha mimi. Hao Bingwa aliwahesabia wapi?

"Hao si wanapanda basi siku zote?" akasema, wala hakupepesa macho. "Wameshazoea."

Hapo alinigusa penyewe, kwa sababu ilikuwa kweli. Lile gari la zamani lilikuwa la siti tano, na tukiwa na safari tulikwenda kwa awamu. Baba watoto anatupeleka sisi kwanza, kisha anarudi kuwafuata wale wawili. Ndivyo ilivyoanza. Baadaye foleni zikawa ndefu, mafuta yakapanda, awamu ya pili ikageuka kuwa nauli ya basi mkononi mwa Bibie. Hakuna aliyekaa kikao akalipitisha jambo hilo. Lilijipitisha lenyewe, na lilikuwa likinikera kila nilipofunga mlango wa gari.

Siku ya harusi ya wifi yangu, basi la Bibie na Kibonge lilichelewa. Mpiga picha akatupanga, mume wangu akatupitishia macho, akasema, "Wote tupo." Nikapiga kelele kwamba hatupo wote, tusubiri. Bingwa akasema mpiga picha hasubiri mtu, na picha ikapigwa. Ipo sebuleni mpaka leo, ndani ya fremu. Mdomo wangu uko wazi, wageni wanasema, ona ulivyocheka! Sikuwa nacheka, nilikuwa nabisha. Na anayeifuta vumbi hiyo fremu ni Bibie, bila kuambiwa na mtu.

Kwa hiyo nilipomwambia Bingwa siti saba, sikuwa natania. Nikamwambia na baba watoto, mbele ya kaka yake: mkinunua hilo jeupe, mtalipanda nyinyi. Mimi nitapanda basi na wanangu wawili, na nikifika huko tunakokwenda, nikiulizwa kwa nini, nitasema.

Siku ya kwenda yadi ya magari tulikwenda wote, kwa basi, saba kamili. Bingwa tulimkuta ameshafika, amevaa miwani ya jua, anagonga bodi za magari kwa vidole kana kwamba anachagua matikiti. Muuzaji alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa, na alishajua amsikilize nani. Kila nilipouliza mimi, alimjibu Bingwa.

Jeupe tuliliona, zuri, sikatai. Tuliona na jingine la siti saba, refu, bei yake ingetubidi tuuze nyumba, halafu tusipate pa kuliegesha na hata tusingeiuza, kwenye geti letu lisingepita. Halafu kule pembeni kabisa, nyuma ya lori bovu, nikaliona langu. Fupi, limenyanyuka vizuri, la kijani iliyopauka, lina mkwaruzo mrefu mlangoni. Nikachungulia kioo cha nyuma. Mistari mitatu ya siti!

"Hizo za nyuma ni za mizigo tu," Bingwa akasema.

"Za watoto, watoto wadogo," muuzaji akamwambia Bingwa.

 Nikavua viatu, nikakunja siti ya kati, nikajipenyeza mpaka nyuma na mwili wangu huu, na si mwili mdogo. Magoti yaligonga. Nikagundua siti ya kati inasogea mbele, nikaisogeza, magoti yakapata pa kukaa. Nikavuta mikanda, ikatoka na ikarudi. Nikapapasa juu, kumbe hewa ya baridi inafika mpaka huko. Sehemu ya mizigo, kusema ukweli, haikubaki. Ungeweka pale begi moja na mkungu wa ndizi, basi.

"Mizigo mtaweka wapi?" Bingwa akauliza.

"Juu ya paa. Mizigo hailii ikikaa juu."

"Injini ndogo hii. Watu saba, kwenye mlima litakoroma."

"Likorome. Mimi mwenyewe nikipanda mlima nakoroma, na hakuna aliyeniuza."

Mume wangu akacheka. Bingwa akamkata jicho, naye akajifanya anakagua tairi. Najua Bingwa ndiye aliyemsomesha, na tangu hapo mume wangu mbele ya kaka yake hana kauli. Nyumbani ana maneno ya kujaza gunia, lakini Bingwa akiingia tu, ananywea.

Bei tulibishana mpaka muuzaji akaanza kunijibu mimi mwenyewe, ikafika mahali pa kupumua. Ikabaki kulijaribu barabarani. Muuzaji akabaki na kitambulisho cha mume wangu, akampa funguo, akasema zungukeni mtaa mmoja mrudi. Fundi wetu, tuliyempigia simu akaja, alishaikagua injini akasema haina neno, lakini Bingwa akasema lazima aisikilize kwa masikio yake. Kabla sijavaa viatu, alishakaa mbele na mkanda ameshafunga. Mapacha na kitinda mimba wakarukia siti ya kati kwa makelele. Mimi nikaenda kukunja siti ili wengine wapite nyuma.

Nikageuka, sikuwaona.

Bibie alikuwa amesimama ukutani, amemshika Kibonge mkono. Alikuwa ameshapiga hesabu yake: baba mkubwa mbele, wale watatu katikati, mimi nyuma, nafasi imebaki moja. Akatabasamu, lile tabasamu lake la kutotaka kumsumbua mtu.

"Nendeni tu, mama mdogo," akasema. "Sisi tutawasubiri hapa hapa."

Hakuna aliyemwambia abaki. Miaka kumi na miwili mtoto yule, na alishajifundisha kurudi nyuma kabla hajarudishwa. Roho iliniuma nikasikia machozi yanapanda. Nikayakataa. Sikuwa na haja ya kulia, nilikuwa na haja ya siti. Nikazunguka mpaka mbele, nikafungua mlango.

"Shemeji, shuka."

"Unasemaje?"

"Gari lina siti saba, na sisi tuko saba. Wewe Bingwa, hesabu."

Akavua miwani. Hakuniangalia mimi. "Mdogo wangu," akamwambia mume wangu, "hebu zungumza na mkeo. Kwa ajili ya watoto wa watu?"

Watoto wa watu! Nilifumbua mdomo, na alichokuwa anakwenda kukisikia ningekumbushwa mpaka uzeeni. Lakini mume wangu aliniwahi, akazima injini. Alikuwa anatazama kwenye kioo, kule ukutani walikosimama wale wawili. 

"Ni wanangu, kaka," akasema. "Shuka. Basi linapita hapo nje."

Bingwa alitaka kushuka kwa hasira, mkanda ukagoma kufunguka. Ikabidi muuzaji aje amfungue, na hapo nilijizuia kucheka kwa nguvu zangu zote. Kisha nikawapanga upya. Pacha mmoja nikampeleka mbele, akajiona dereva. Kitinda mimba nikamtupa siti za nyuma kabisa, nikaingia mwenyewe nikakaa naye. Bibie na Kibonge nikawaambia katikati, na sitaki kusikia neno.

Tukatoka getini. Gari lilikwenda vizuri, kwenye kamlima ka kwanza likakoroma kama tulivyoahidiwa. Watoto wamekaa wima kama wageni, wameogopa yaliyopita. Mara nikasikia sauti, kali, ya mtu aliyekerwa.

"Wewe, sogea. Dirisha langu hilo."

"Nimewahi mimi!" pacha akajibu.

"Nani kakwambia? Mimi ndiye mkubwa humu. Sogea bwana!"

Alikuwa Bibie. Tangu aje kwangu hajawahi kugombania hata kijiko. Pacha akapaza sauti, yeye akaipaza zaidi, Kibonge akaingilia upande wa dada yake, wakasukumana. Mume wangu akainua macho kwenye kioo, akafungua mdomo awakemee.

"Waache!" nikampigia kelele kutoka kule nyuma, magoti yamenifika kidevuni. "Usiwaguse. Gari tunachukua hili."