Mahindi ya Chini ya Kitanda

Kamanthe wa Mwala alikuwa na kipimo chake cha watu, nacho ni kifua. Kikibana anapomwona mtu, basi mtu huyo ana jambo. Hakuhitaji shahidi wala chifu. Kifua kilibana siku mwanawe Mwangangi alipomleta Waithira, binti wa wenye duka kule Yatta, na tangu siku hiyo hakikulegea. Watu wa kwao wanajua kuuza, alijiambia, huyu atauza mahindi yangu nikiwa shambani. Kwa hiyo aliyatoa mavuno ghalani kabla hayajakauka, akayasukuma chini ya kitanda chake, akawa anayasagisha mwenyewe na kumpimia mkaza mwana unga kwa kikombe.

Sasa mumewe Kiema alikuwa amelazwa hospitali, macho ya manjano, tumbo limevimba. Na nani alikuwa akimpikia? Waithira. Na nani alikuwa hali ugali huo, eti una harufu, mimba haiutaki? Waithira. Mpishi gani huyo anayeogopa sufuria yake mwenyewe? Kamanthe naye tumbo lilikuwa likimsokota, akaliongeza kwenye ushahidi.

"Mzee amekula nini wiki hii?" nesi alimwuliza asubuhi.

"Chakula ya bibi ya kijana yangu. Huyo si mtu wa huku."

"Mama, nimeuliza amekula nini. Sijauliza nani amepika."

Kamanthe alisonya. Huyu nesi naye, mbona anamtetea? Labda Waithira amemhonga kwa sukari ya duka la baba yake.

Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni kwa Waithira, akambeba mjukuu wake Mutinda, mtoto wa miaka mitatu. "Leo atakula kwangu," alisema. Waithira alibaki na kisu cha viazi mkononi.

Kamanthe alisonga ugali katika nyumba yake. Huku akisonga alijisikia vizuri, kifua kimefunguka kabisa, na ni uzuri huo uliomshtua. Baba wa watoto wake yuko mahututi, naye amestarehe? Akausimamisha mwiko. Kwa nini hauogopi ugali huu? Kwa sababu ameupika yeye. Na unga? Ni ule ule aliokula Kiema. Kama angeupika Waithira, yeye Kamanthe angeumwaga. Na ile hongo ya sukari ilitoka wapi, wakati ni yeye mwenyewe aliyemkataza Waithira kukanyaga hospitali? Miaka yote kifua kilisema, naye hakuwahi kukiuliza kimejuaje.

Akainama, akavuta gunia kutoka chini ya kitanda. Siku zote aliyachota mahindi gizani, haraka haraka, asionekane. Sasa aliyaweka kwenye mwanga wa dirisha. Yalikuwa yameshikana, ya kijani na kijivu, yana joto na uvundo.

Nyuma yake Mutinda alikuwa amekwisha kumega tonge. "Susu, iko moto," alimlalamikia nyanya yake, akilipuliza. Kamanthe alimpokonya, akamtia kidole mdomoni kuhakikisha hamna kitu. Mtoto akalia, Waithira akaja mbio.

"Mama, kuna nini?"

Neno la kwanza lililomjia Kamanthe lilikuwa la kugombeza: mtoto huyu hujamfunza adabu. Aliliona linavyokuja, akalimeza.

"Ni mahindi yangu," alisema. "Imeoza. Hiyo ndiyo imemgonjesha mzee. Si wewe."

Waithira alilitazama gunia, akamtazama mama mkwe wake. "Nilikuambia unga iko na harufu."

"Uliniambia. Nikaona unanidharau."

Kamanthe alifunga konzi ya mahindi kwenye karatasi ili ampelekee daktari mchana huo huo. Waithira alisema njia ni ndefu, asiende na njaa, akamletea sahani ya viazi vitamu. Na hapo hapo, uvundo bado uko vidoleni, kifua kikabana: usile. Mkono wa Kamanthe ukasita juu ya sahani.

Waithira aliuona mkono. Hakukasirika, alikuwa amezoea. Alichukua kiazi cha juu, akakiuma, akatafuna, akameza, akakirudisha kwenye sahani.

Kamanthe aliona haya hata machozi yakamtoka. Akakiokota kiazi kile kile kilichoumwa, akala.