Buluu ya Abram

Tangu tulipomzika mumewe, dada yangu Evalina alikataa kulala ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea blanketi barazani, huku nikimtukana kimoyomoyo. Abram alikufa wakati wa joto, kamba wakiwa tele. Majani ya mti wa mpekani ulioko uani yalipoanza kuanguka, Evalina alikuwa bado yuko pale kwenye kiti chake cha bembea, koti la marehemu mabegani, macho kwenye ngazi, akikohoa kikohozi ambacho sikukipenda hata kidogo.

"Ingia ndani, Eva," nilimwambia asubuhi moja. "Umande huu utakumaliza."

"Siingii nikamwacha nje."

"Ukamwacha nani?"

"Unamjua."

Nilimjua. Kisiwani kwetu dari ya baraza hupakwa buluu, na miimo ya milango, na fremu za madirisha. Mzuka ukiiona buluu ile hudhani ni maji, na mizuka haivuki maji. Mimi ni Mbaptisti wa kiti cha mbele, na ukiniuliza mbele ya mchungaji nitakwambia hayo ni mambo ya wazee. Lakini nyumba yangu ni buluu kila penye upenyo, na ufagio wangu unasimama nyuma ya mlango, ili jinamizi likija kunikalia kifuani lishikwe na kazi ya kuhesabu vijiti mpaka kuche. Mungu namwamini, na mlango nafunga.

Abram ndiye aliyekuwa fundi wa rangi wa kisiwa. Kila mwezi wa Machi alipaka nyumba yake kwanza, kisha yangu, kisha za watu. Buluu alichanganya mwenyewe, hakuna kopo la dukani lililomridhisha. Mume wangu Cleveland alikuwa mtu ambaye nikisikia tu viatu vyake kwenye ngazi najua kama leo nitapigwa au nitasalimika. Alipokufa, nilimwita Abram hata maua ya kaburini hayajanyauka, nikamwambia apake mara mbili. Hakuniuliza kwa nini. Alipaka mara tatu na hela akakataa. Kwa hiyo nilimpenda shemeji yangu, hilo nalisema wazi. Lakini kumpenda ni kitu kimoja, na kutaka arudi akiwa maiti ni kitu kingine.

Evalina alidai anamsikia. Jioni, alisema, Abram hukohoa pale chini ya ngazi kama alivyokohoa siku zote kabla ya kuvua viatu, na harufu ya kiko chake hufika mpaka kwenye kiti. Halafu yeye mwenyewe hafiki. Machi ya mwisho kabla hajafa alikuwa ameipaka nyumba vizuri kuliko miaka yote, na sasa kazi ya mikono yake ilikuwa imemfungia nje. Evalina alitaka buluu ikwanguliwe. Alimwomba mpwa wetu anayefanya kazi ya rangi, akakataa. Alimwomba jirani, jirani akakumbuka ghafla kwamba mgongo unamuuma.

Mchungaji Gadsden alikuja na Biblia na bakuli la supu ya bamia kutoka kwa mkewe.

"Mama Evalina," alisema, "waliokufa katika Bwana wamepumzika. Ndugu Abram hayuko uani."

"Mchungaji, baraza ya nyumba yako ni ya rangi gani?"

Mchungaji alikohoa kidogo. "Tuliikuta hivyo."

"Na mwaka jana nani aliipaka upya?"

Akaniangalia mimi nimsaidie. Nikatazama bamia.

Aliyenitia hofu hasa ni Charlene, binti yake Evalina, aliyeko Atlanta. Alinipigia simu na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata shauri. "Mama mdogo, nakuja Sikukuu ya Shukrani, Novemba hii. Nikimkuta bado analala nje, naondoka naye. Nimeshamwandalia chumba."

"Atlanta atafanya nini? Hamjui mtu huko."

"Atafanya nini hapo? Atakufa kwa baridi akimsubiri baba? Ndilo unalotaka?"

Nilimjua dada yangu. Mng'oe kwenye kisiwa hiki, usikie habari za mazishi kabla ya Pasaka. Mwache barazani, na kile kikohozi kitafanya kazi hiyohiyo. Nililia siku ile, tena kwa hasira, nikikata vitunguu ili nipate kisingizio.

Kesho yake nilimwendea na maneno makali. "Eva, niambie ukweli. Huyu mume unayetaka kumfungulia, mlikuwa mnaongea nini? Miaka na miaka nimekaa mezani kwenu, sijasikia zaidi ya 'nipe chumvi' na 'mvua inakuja.' Leo ndiyo amekuwa wa kuvunjiwa ukuta?"

Nilidhani atanifukuza. Alivuta koti lile likamfika kidevuni.

"Ni kwa sababu hiyo," alisema.

Ndipo akaniambia. Mtoto wao wa kwanza, Benjy, alizama katika ule mkono wa bahari ulio nyuma ya nyumba, akiwa bado hajaota meno yote ya utu uzima. Hilo kila mtu kisiwani alilijua. Nililokuwa silijui ni kwamba Machi iliyofuata, Abram alipokuwa anakoroga rangi, Evalina alimpigia magoti asipake.

"Nilimwambia, Abram, mtoto wangu maji yamemuua. Leo unamchorea maji mengine mlangoni pa mama yake? Aingie wapi?"

"Akasemaje?"

"Alisema kinachotoka majini si lazima kiwe kile kilichoingia. Akachukua brashi." Alikaza koti mabegani. "Nikampikia, Rutha. Nikamfulia, nikamzalia Charlene. Lakini neno la moyoni sikumpa tena. Hata pale hospitali, alipokuwa anakufa, alinishika mkono, nami nikazungumza na nesi kuhusu mto. Sasa nataka aingie, akae, nimwambie yamekwisha. Neno kama hilo halipigiwi kelele uani."

Nilikaa kwenye ngazi. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na huyu alikuwa nundu yangu tangu nizaliwe. Niliogopa kweli kweli, maana ukiufungua mlango huchagui anayeingia. Lakini nilienda kwenye banda la Abram nikatafuta kisu chake cha kukwangulia rangi.

"Mlango wa jikoni tu," nilimwambia. "Huo ndio aliopitia siku zote na matope yake. Wa mbele siugusi. Na ufagio nauweka kizingitini, ili wasioalikwa wahesabu vijiti."

"Na Abram naye hatahesabu?"

"Abram hakuwahi kushika ufagio maisha yake yote. Ataupita."

Evalina akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikaona hata tukiingiliwa na jinamizi itakuwa tumefaidi kitu.

Tulizunguka nyuma. Mlango wa jikoni uko kwenye kona, na pembeni yake pana kichaka kikubwa cha maua mekundu yanayochanua wakati wa baridi. Nilianza na mwimo wa kushoto. Buluu ilitoka kwa shida, tabaka juu ya tabaka, na kila nikisukuma kisu kiwiko changu kilichomwa na matawi.

"Kichaka gani hiki kisichokatwa?" nilisema. "Nipe mkasi."

"Usikiguse. Ni cha Abram. Alikipanda mwenyewe na hakutaka mtu akisogelee. Hata siku za rangi, akifika upande huu, alinituma kwako. 'Nenda kwa Rutha,' anasema, 'harufu hii itakuumiza kichwa.'"

"Abram yuko uani, umesema mwenyewe. Akichukia atakohoa."

Nikayashika matawi kwa mikono miwili nikayapinda. Nyuma yake palikuwa na dirisha la kile chumba kidogo cha jikoni, ambacho siku hizi Evalina huwekea chupa za achari. Zamani kilikuwa chumba cha Benjy. Fremu ya dirisha lile haikuwa na buluu.

Mwanzoni nilidhani imebanduka. Nikasogeza uso. Haikuwa imebanduka. Ile mbao haikuwahi kupakwa. Rangi ya ukuta na ya mlango ilikuja mpaka karibu yake ikasimama, na mpaka wake ulinyooka kama umekatwa kwa wembe. Tabaka za miaka yote ziliishia mstari uleule, mpaka ukingo wenyewe ulikuwa mnene kama ganda la mkate. Na kwa hewa yetu ya chumvi, mbao isiyo na rangi huoza upesi. Hii ilikuwa nzima, laini, inanukia mafuta. Kila mwaka kuna mtu aliipaka mafuta ili iweze kukaa uchi.

"Eva," nilisema. "Njoo uone."

Alikuja polepole. Aliweka kiganja kwenye ile mbao akakiacha hapo. Kisha akasukuma dirisha juu kwa kidole, likapanda bila kelele, maana hata reli zake zilikuwa zimetiwa mafuta. Lilikuwa linatazama majini.

"Mwongo," alisema. "Mwongo mkubwa wewe, Abram." Aliupiga ukuta kwa kofi. "Miaka yote hii! Nimemchukia kwa mlango, na yeye amemwachia dirisha. Kwa nini hakuniambia?"

"Aliniogopa hata mimi, sembuse wewe."

"Usinichekeshe, Rutha."

"Sikuchekeshi. Kisiwa kizima kilimlipa awazuie wafu wasiingie. Angesemaje kwamba kwake ameacha upenyo? Na alilokwambia siku ile, nadhani aliliamini. Aliogopa kitakachotoka majini. Aliogopa, na bado akaacha wazi."

Hapo Evalina alilia. Hakulia hivyo mazikoni. Alilia ameegemea fremu ile, kifua kikimpanda na kushuka, nami nilimshika kiuno nisijue kama ninayemlilia ni Benjy au Abram au huyu mwanamke aliyekaa na njaa ya neno moja na chakula kiko nyuma ya kichaka.

Alipotulia alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Weka kisu chini," alisema. "Mlango ubaki na buluu yake. Njia anaijua, kaitengeneza mwenyewe."

Nilipima dirisha kwa macho. "Eva, kwa kitambi kile?"

"Kitambi kimebaki kaburini."

Akaingia ndani. Aliondoa chupa za achari kwenye kile chumba, akaingiza kiti chake, akarudisha mlango. Nikasikia sauti yake chini chini, inaendelea kwa muda, mara inanyamaza kama ya mtu anayesikiliza. Alichomwambia sikukisikia. Nilifungulia bomba la jikoni makusudi, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Charlene alipofika kwenye Sikukuu ya Shukrani, alimkuta mama yake mbele ya jiko anagomba kwamba bata mzinga ameletwa mdogo. Alinivuta pembeni. "Mama mdogo, umemfanya nini?"

"Nimempindia kichaka," nilisema.

Machi ilipofika, Evalina alichanganya buluu mwenyewe. Ilitoka kali mno, ya Abram ilikuwa na utulivu zaidi, lakini sikumwambia. Nilimsaidia kuziba pale nilipokwangua kwenye mlango. Tulipofika kwenye kona ya kichaka, alisimama mbele yangu na kopo mkononi.

"Nenda kwako, Rutha. Harufu hii itakuumiza kichwa."

"Eva," nilisema. "Nikitangulia mimi, usije ukaniacha uani."

Alichovya brashi, akaitoa, akasubiri rangi ichuruzike.

"Dirisha liko wazi, mdogo wangu. Lakini Cleveland akikufuata nyuma, nalishusha limkute kichwani."

Nikamwachia kona yake, nikaenda nyumbani.