Zamu ya Nyange

Mwinjuma alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Handeni. Kila Ijumaa baada ya sala alikutana na wenzake wawili nyuma ya zahanati, wakacheza mchezo walioubuni wenyewe. Athuman, dereva wa trekta la kijiji, alikuwa Kitunda, mhunzi mwenye nguvu asiye na subira. Zamda, mhudumu wa zahanati, alikuwa Nyange, mwindaji wa kike aliyeelewa lugha ya ndege. Mwinjuma ndiye aliyesimulia: hapa pana mto, pale pana zimwi, mnafanya nini? Wakishasema, walirusha dadu waliyoitoa kwenye ludo kuukuu ya dukani kwa Tayabali. Ikitoka sita wamefaulu; ikitoka moja wameharibikiwa. Sheria yao kubwa ilikuwa hii: kila mtu hurusha dadu kwa zamu yake, hakuna kumrushia mwenzio.

Yaliyotokea Ijumaa, Mwinjuma aliyachora Jumamosi kwenye karatasi ya stensili, picha sita zenye maneno machache. Wilayani wakayarudufu, vijitabu vikagawiwa madarasani. Akina mama waliokuwa wakisinzia kwenye somo la mbolea sasa waligombea kusoma. Zamda akienda kisimani, salamu ilikuwa, "Nyange kafika wapi?" Naye kila toleo alimpelekea mama yake, Bi Mwatumu, kule Makuyuni. Bi Mwatumu alijifunzia herufi humo humo.

Mwaka wa sabini na nane kipindupindu kikaingia kijijini. Zamda alihudumia wagonjwa siku tisa. Siku ya kumi akaugua mwenyewe, na kesho yake kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha. Ijumaa ya mwisho ya mchezo walikuwa wamemwacha Nyange pangoni, ananing'inia kwenye kamba, zamu yake ya kurusha bado.

Zaidi ya mwezi Mwinjuma hakushika kalamu ya kuchorea.

"Mwache aanguke, yaishe," Athuman alimwambia, kainamia injini ya trekta.

"Wewe ungeweza kumchora akianguka?"

"Mimi hata kupita nyuma ya zahanati siwezi."

Siku ya arobaini Mwinjuma alikwenda Makuyuni. Akangoja watu watawanyike, ndipo akaketi kwenye mkeka wa Bi Mwatumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama akafungua kanga, akatoa vijitabu vilivyochakaa pembe. "Huyu mmemwacha kwenye kamba."

"Ndilo lililonileta. Mama ukisema, namvusha. Ni mkono wangu tu."

"Zamda aliniambia hamrushiani."

"Hatukurushiana kamwe."

"Mimi si mchezaji mwenzenu. Mimi ni mama yake. Nipe."

Mwinjuma akatoa dadu mfukoni, akampa. Mama akarusha. Dadu ikazunguka mkekani, ikatulia. Moja.

Mwinjuma akanyoosha mkono upesi. "Turudie, mama. Mkeka una mkunjo."

"Mkeka hauna mkunjo." Bi Mwatumu akaifunika ile dadu kwa kiganja. "Nilipoulizia hali ya mwanangu, watu waliniambia anaendelea vizuri. Njia nzima naambiwa hivyo. Nafika, wameshamzika. Wanafunzi wako usiwafanyie vile. Chora lililotoka."

Akachora. Ilimchukua siku nne. Athuman alikuja, akakaa kando yake mpaka ilipofika picha ya tano, mkono ukiachia kamba. "Kitunda mchore analia," akasema, akaondoka.

Darasani Chausiku, aliyekuwa msomaji wao hodari, alisoma kwa sauti na wenzake wakamfuatisha. Picha ya sita haikuwa na maneno, ila kamba na ndege. Mama mmoja akajifunika uso kwa upande wa kanga, kisha wa pili.

Hilo likawa toleo la mwisho; nakala moja Mwinjuma aliipeleka Makuyuni kwa Bi Mwatumu. Wilayani walipoomba jingine, Mwinjuma aliwapelekea michoro ya kupanda mahindi kwa mistari. Athuman akapata kazi Korogwe mjini. Wakikutana huzungumzia vipuri.

Mwezi wa Ramadhani Mwinjuma akapokea barua ya penseli, herufi kubwa, mistari ikipanda na kushuka:

"Mwalimu. Nimesoma mwenyewe, hakuna aliyenisaidia. Picha ya tano siku ile sikuiweza. Nimeisoma kesho yake. Mimi mama Zamda."

Aliisoma akiwa amesimama kwenye baraza ya posta. Kisha akaketi kwenye ngazi, watu wakipita, akalia kilio ambacho hata matangani hakukilia.