Injini ya Hiace Ndani ya Pijo

Shemeji yangu Javan hakuwa mvivu. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitamsema sana. Alikuwa mtu wa kuamka alfajiri na kufanya kazi mpaka jioni, ila kazi yote aliifanya chini ya gari.

Gari lenyewe ni Pijo 504 nyeupe, ile ndefu ya safu tatu za viti, aliyoachiwa na marehemu baba mkwe wangu. Hapa Rangwe kila mtu mzima anakumbuka kubebwa nayo, ama kupeleka binti shule Asumbi, ama kukimbiza mgonjwa Homa Bay. Mimi nilipoolewa kutoka Mbita niliikuta kando ya jiko la mama mkwe, imenyanyuliwa juu ya mawe, miguu ya Javan ikichungulia chini yake. Nilidhani ni jambo la siku hiyo tu.

Mtu atauliza gari la shemeji linanihusu nini. Kwetu Wajaluo, mwana akioa huanza maisha kwenye simba, kile kibanda cha kijana ndani ya boma la baba yake. Akishakomaa anatoka kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe. Anakwenda asubuhi na mapema na jogoo, shoka na mkewe, wanasimamisha nyumba, na usiku wa kwanza wanalala humo wote wawili. Bila mke hakuna boma. Na mdogo hatoki kabla ya mkubwa, hata awe na mali ya namna gani. Mkubwa ni Javan. Anayemfuata ni Gordon, mume wangu. Kwa hiyo mimi, mwenye kiwanja ng'ambo ya kijito na matofali yaliyokuwa yakiota majani, nililala na watoto wangu katika chumba kimoja nikimngoja mtu aliyekuwa chini ya Pijo.

Mke alikuwa naye. Anaitwa Damaris, Mkuria wa milima ya juu ya Isebania, na aliondoka akarudi kwao. Kila alipotaja nyumba, Javan alitaja kipuri. Siku aliyoomba mabati akaletewa kabureta, alifunga nguo zake.

Javan alimfuata, hilo nampa. Alikwenda na Pijo yenyewe. Lakini wiki ile alikuwa ameifungua kabureta na kuifunga kwa namna anayoijua yeye, na kile kilima cha kwao kikamshinda mlangoni pa wakwe. Gari likazima. Likasukumwa. Na katika waliotoka kusukuma alikuwa Bhoke, mama mkwe wake, mtu ambaye mkwe hapaswi hata kupeana naye mkono. Akasukuma gari la mkwe wake, leso ikimdondoka, majirani wakitazama. Javan alirudi nyumbani peke yake na kula kiapo: hatakanyaga ule uwanja tena mpaka Pijo iwe na injini ya kupanda kilima kile bila kuhema.

Basi ikawa hivyo. Hakuna injini, hakuna Damaris. Hakuna Damaris, hakuna boma la Javan. Hakuna boma la Javan, na mimi, Trizah, nilale simba. Nilimwambia Gordon azungumze na kaka yake. Gordon akanitazama kana kwamba nimemtuma akampige kofi askofu.

Nikaamua kuitafuta injini mwenyewe. Mimi nauza omena, wale dagaa wa ziwani, na biashara hunifikisha mpaka Isebania, kwa hiyo mafundi wa Migori nawajua. Mmoja wao, Zablon, alikuwa na injini ya dizeli ya Hiace, kubwa, iliyotolewa kwenye gari lililogongwa nyuma. Nilimpeleka Javan kuiona. Aliizunguka, akaipapasa, akachuchumaa mbele yake. Sijawahi kumwona akimtazama binadamu hivyo.

"Hii ni kubwa sana kwa hiyo gari yako," Zablon alimwambia. "Itaingia, lakini itabidi tukate."

"Kata," Javan akasema.

Pijo ikavutwa na lori mpaka Migori, na kukata kukaanza. Injini ya zamani ilikuwa ya petroli, tena imelala ubavu kidogo. Hii ya Hiace ilitaka kusimama wima. Wakakata vishikio vya zamani na kuchomelea vipya. Wakaisogeza rejeta mbele mpaka ikagusa grili. Giaboksi ya Pijo haikuweza kuachwa, maana propela yake imefungwa ndani ya bomba lililoshikana nayo, kwa hiyo Zablon akatoboa bamba nene la chuma la kuziunganisha injini na giaboksi zilizokuwa hazijuani. Walipoishusha kwa cheni, gari liliinama mbele kama mtu anayetafuta sindano. Wakaliwekea springi za pikapu. Mwishoni boneti ilikataa kufunga, wakaikata katikati na kuichomelea nundu.

Nilikuwa nikipita kila nikienda Isebania. Sikuwa napenda magari, bado siyapendi, lakini nilijua kila boliti iliyobaki, kwa sababu kila boliti ilikuwa tofali langu.

Siku ilipowaka, Javan alilia. Alisema ni moshi.

Tulikwenda wawili kumchukua Damaris, maana mwanamume haendi kumrudisha mke bila mtu wa kumsemea. Pijo ilinguruma kama posho mili ya kusaga mahindi lakini ilikwenda. Kwenye kile kilima Javan aliacha kuzungumza, akashika usukani kwa mikono miwili, na gari likapanda tu, bila hata kubadili gia, mpaka uwanjani kwa wakwe. Bhoke alipotuona aliingia ndani kwa heshima. Damaris alitoka na mwiko mkononi.

Javan hakuzima injini. Alishuka, akasimama kando ya mlango ulio wazi, na kuanza maneno yake ambayo hakuna aliyeyasikia.

"Zima gari!" Damaris akapaza sauti.

Javan akanitazama. Nilielewa: akiizima na ikakataa kuwaka, tutarudi palepale. Halafu akanyoosha mkono ndani, akageuza ufunguo, na kuku wakaanza kusikika.

"Nimeweka injini ya Hiace," akamwambia mkewe. "Imepanda na gia namba tatu. Hakuna mtu atasukuma tena, Damaris. Naapa."

Ndiyo yalikuwa maombi yake ya msamaha, yote. Nilitamani nimpige kibao. Damaris alimtazama, akaitazama ile nundu ya boneti, kisha akaniita, "Nyieka, kuja unisaidie na chakula." Nyieka ndivyo wake wa ndugu tunavyoitana, na alilitamka kwa lafudhi yake ya Kikuria, vizuri tu. Nikamfuata jikoni.

"Anafikiri nilitoka juu ya mambo ya gari?" akaniuliza.

"Anafikiri hivyo."

"Yawa." Neno hilo la kushangaa alilichukua kwetu. Akaendelea kusonga ugali. "Wewe bado uko kwa simba?"

"Bado."

"Na watoto wote?"

"Wote."

Aliuacha mwiko. Akaniuliza kama ni kweli ule usiku wa kwanza ndio mkubwa. Kwamba mke akilala kwa nyumba mpya usiku huo, boma limesimama, na mdogo anaweza kufuata. Nikamwambia ni kweli.

"Basi nitakuja nilale," akasema. "Usiku mmoja. Halafu nirudi, niko na kibanda yangu ya mitumba Isebania. Siendi juu yake, Trizah. Naenda juu yako. Usimwambie."

Nilipaswa kukataa. Nilimfikiria Javan pale nje, anapangusa vumbi kwenye taa za mbele kwa shati lake. Kisha nikafikiria mlango wangu, wa kufunga kwa kufuli yangu, na jiko ambalo mwanamke mwingine hataniuliza nimeweka chumvi kiasi gani. Nilifurahi, na furaha hiyo ilinitia aibu. "Asante," nikasema. Hilo tu.

Tulikula. Pijo iliwaka mara ya kwanza alipogeuza ufunguo, na Javan akacheka kwa sauti, akamfungulia mkewe mlango wa mbele, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya kwa mtu yeyote. Mimi nilikaa nyuma. Damaris alinipa mfuko wake nimshikie.

Tulipita Migori, tukaikamata njia ya Rongo. Javan alizungumza njia nzima. Alisema mabati atayabeba kwa gari hili hili, safari moja tu. Alisema dirisha la chumba cha kulala litatazama mashariki, kwa sababu Damaris hupenda jua la asubuhi. Kumbe alikuwa anajua. Damaris aligeuza uso akatazama miwa.

"Unasikia vile inavuta?" Javan akamuuliza.

"Nasikia."

Ule mfuko ulikuwa wa plastiki, mwepesi. Niliupapasa bila kuufungua. Ndani mlikuwa na leso moja na mswaki.