Jina la Mzee Kuwahara

Daftari la vipimo vya rangi, wafinyanzi wenzake waliliweka wenyewe ndani ya jeneza. Lililazwa juu ya kifua cha Mzee Kuwahara, pamoja na miwani yake na pakiti ya peremende za tangawizi, likaungua naye maiti ilipochomwa. Hakuna aliyeona ubaya. Vipimo si vipo kwenye kompyuta?

Sasa zilibaki siku tisa itimie siku ya arobaini na tisa tangu afariki, siku ya kumkumbuka. Mjane aliomba mabakuli sitini ya kuwashukuru waliokuja msibani, yenye buluu yake mwenyewe, ile ambayo hakuna mwingine pale Tajimi, mji wa wafinyanzi, aliyewahi kuipata.

"Chinatsu," akasema bosi Nagae, mikono imejaa udongo. "Leo mambo mawili. Nitolee kipimo cha buluu. Halafu mfute mzee kwenye mafaili yote. Marehemu hawezi kuwa na ufunguo wa ofisi."

"Nitamfuta, bosi."

"Umesema hivyo tangu wiki jana. Unaogopa atakuja kukudai chai?"

Chinatsu akacheka kidogo, kwa adabu, akainamia kompyuta.

Mafaili yalikuwa matano: wateja, oda, udongo, tanuri na rangi. Mzee ndiye aliyeyatengeneza na kuyaunganisha, na ndiye aliyempa kila mtu jina na neno lake la siri. Kila faili lilikuwa na orodha yake ya majina na maneno ya siri, lakini ukiwa na jina lilelile na neno lilelile kote, ukifungua moja, mengine yanafunguka kimya kimya. Kwenye manne Chinatsu alikuwa na mamlaka yote. La rangi lilikuwa la mzee peke yake. Miaka sita, kila asubuhi, kisanduku cha faili hilo kilimtokea kumwomba neno la siri, naye akabofya "Ghairi", kama mtu anayepita mlango wa chumba cha wazazi.

Akaanza kumfuta. Wateja: jina likatoka. Oda. Udongo. Kwenye tanuri kompyuta ilimuuliza kama ana hakika, kama ilivyouliza kwingine, lakini safari hii akakaa kidogo kabla ya kubonyeza. Kisha akafungua bahasha aliyoiacha mzee, akaandika jina la mzee na neno la siri lililokuwamo kwenye faili la rangi.

Likakataa. Akarudia, herufi moja moja. Likakataa tena.

"Halifunguki," akasema.

"Halifunguki vipi? Si yeye aliyekuwa akitupigia kelele, badilisha neno la siri kote au usibadilishe kabisa?"

"Ndiye, bosi."

"Basi tumemchoma na buluu yake." Bosi akaketi juu ya kreti.

Chinatsu alikumbuka Februari. Mzee alipewa ruhusa ya siku moja kutoka hospitali, akaja na kofia ya sufu, akakaa kwenye kompyuta saa nzima. Jioni akapiga simu.

"Binti, kesho njoo hospitali na kompyuta ndogo. Kuna mlango nataka uujaribu nikiona."

"Kesho tunafungasha sahani za oda ya Kyoto, mzee. Wiki ijayo."

"Haya. Sahani haziwezi kusubiri, mimi naweza."

Wiki iliyofuata hakuwa akisema tena.

Na tangu siku ile mzee alipokaa kwenye kompyuta, kisanduku cha faili la rangi hakikutokea. Asubuhi baada ya asubuhi, kimya. Alidhani mzee amekata kiungo ili kisimsumbue. Tarehe mosi Aprili bosi akaamuru kila mtu abadilishe neno lake la siri, naye akabadilisha kwenye manne aliyoyajua kuwa yake. Kesho yake kisanduku kikarudi. Akabofya "Ghairi", kama zamani.

Akaandika jina lake mwenyewe, na neno lake la zamani, la kabla ya Aprili.

Faili likafunguka. Buluu ilikuwa ya kwanza: majivu, madini ya kobalti, joto, saa. Chini yake: "Chinatsu, moto wa mwisho usiuharakishe. Hapo ndipo huwa unaharakisha."

Bosi alinakili kwenye kiganja, wino juu ya udongo, akakimbilia tanuri. Mlangoni akageuka. "Na mzee mfute basi!"

Akafungua orodha ya majina. Jina lilikuwa moja tu, la Chinatsu. Mzee alijifuta mwenyewe siku ile ya kofia ya sufu. Kama mlango usingefunguka kwa Chinatsu, hata mzee mwenyewe asingeweza kurudi ndani.

Mzee alikuwa ameshatoka humo kabisa, ndipo jioni ile akampigia simu.