Mshale na Samaki wa Chaki

Ifahamike kwa vizazi vyote vijavyo kwamba manowari ya chuma Souhegan, pamoja na nahodha wake na roho zote zilizokuwamo, iliokolewa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi, Lemuel Thacher, wa darasa la pili katika chuo cha wanamaji. Wakati wa uokozi huo nilikuwa nimelala kifudifudi, pua ndani ya tundu la sakafu, kama mbwa anayenusa mlango wa jiko.

"Unaona nini, bwana mdogo?" Luteni Crowell aliniuliza kwa sauti ya juu. Kamba ya kufyatulia mzinga ilikuwa tayari mkononi mwake.

Nilichokiona kilikuwa kazi ya mikono yangu.

Ni miaka miwili sasa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Mnara wetu, kwa asiyewahi kufungiwa ndani yake, ulikuwa pipa la chuma lenye mizinga miwili na wanaume kumi na wanane, likizungushwa kwa mvuke juu ya sitaha. Ukizungushwa humo mara tatu hujui tena mbele wala nyuma. Kwa hiyo sakafu ya chini yake, ile isiyozunguka, ilichorwa kwa chaki: mshale upande wa omo, yaani mbele, samaki upande wa tezi, nyuma, mstari mmoja kulia na miwili kushoto. Mtu mmoja alichungulia kupitia tundu la sakafu ya mnara, lililozunguka pamoja na mizinga, na kutangaza mizinga inakotazama. Halikuwa jambo la mchezo. Mbele ya mnara, hatua chache tu, kilikuwapo kibanda cha usukani, na humo alikaa Nahodha Treadwell, akiitazama vita kupitia upenyo mwembamba kuliko kitabu cha sala. Kupiga kuelekea omo kulikuwa ni kumuua nahodha.

Luteni Crowell aliidharau chaki. Kila asubuhi, sisi tukipambana na biskuti ngumu, alitukumbusha kwamba mtu wa Nantucket, kisiwa cha mabaharia kama yeye, huzijua pande za dunia kwa mifupa yake. Alhamisi ile alikuwa amewaalika maofisa wa manowari nyingine waje mchana kuona mazoezi. Nami nilikuwa na kipande cha chaki mfukoni, ukumbusho wa darasa la hesabu chuoni kule Newport. Baada ya kahawa nilishuka chini, nikaufuta mshale, nikamfuta samaki, nikavibadilisha mahali, ili wageni waone kama mifupa ya Luteni ingegundua. Samaki nilimchora kwa moyo wote. Nilimwekea hata tabasamu.

Wageni hawakufika. Saa tano kasoro robo, manowari ya waasi wa majimbo ya Kusini ilitoka mtoni, imevikwa vyuma vya reli, inatoa moshi kama tanuri la matofali, ikaja kwetu moja kwa moja. Ngoma ya hatari ikapigwa, kila mtu akakimbilia mahali pake. Mahali pangu palikuwa tunduni. Mnara ulipoanza kuzunguka, mlango wa sakafuni ukaiacha ngazi, na njia ya kushuka kwenda kusahihisha sanaa yangu ikafungwa.

Tufe lao la kwanza la mzinga likatua ukutani mwa mnara. Ilikuwa kama kulala ndani ya kengele ya kanisa asubuhi ya Pasaka. Damu ikamtoka mtu mmoja masikioni. Moshi ukajaa, mnara ukazunguka, ukasimama, na samaki akanitabasamia kutoka chini.

"Omo, afande," nikasema. "Usipige."

Mzee Obed Pike, mpiga mizinga aliyeanza kazi kabla baba yangu hajaota ndevu, akanisukuma kichwa kwa kiganja na kuchungulia mwenyewe.

"Omo gani? Naona samaki hapa, tena anacheka. Ni tezi, afande. Piga tu."

"Mzee Pike, macho yako yamejaa baruti."

"Na kichwa chako kimejaa uji."

"Ni omo, afande. Nahodha yuko mbele ya mzinga huo."

Luteni akatutazama wote wawili. Kisha akasogeza kifuniko cha tundu la mzinga, upana wa kiganja. Moshi ulipojitenga, tukakiona kibanda cha usukani, na katika upenyo wake macho mawili yakiutazama mdomo wa mzinga wetu.

Luteni akaiachia kamba polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

"Kuanzia sasa," alisema, "anayetangaza ni bwana mdogo Thacher peke yake."

Nikatangaza. Kulia na kushoto nilisoma zilivyo, samaki na mshale nikavigeuza kichwani, na kwa saa moja na robo sikukosea hata mara moja. Tufe letu la nne liling'oa vyuma vya reli ubavuni mwa adui. La saba lilimrudisha mtoni, ameinamia upande mmoja.

Nahodha alikuja kwetu uso ukiwa mweusi kwa masizi. Luteni akamwambia nimezaliwa na dira kichwani, na nahodha akanipa mkono mbele ya wote. Alisema ataandika barua makao makuu. Nilikuwa nimeanza kufikiria nitasimama vipi kwa ajili ya sanamu yangu.

"Lakini mimi nilimwona samaki," Pike akanung'unika.

"Ulikuwa moshi, mzee," nikamwambia kwa huruma.

Nahodha akaomba taa. Mnara ukarudishwa mahali pake, akashuka ngazi mwenyewe, akakaa huko muda mrefu kuliko nilivyopenda. Aliporudi, ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe.

"Mshale uko tezi," alisema. "Yeyote aliyeisoma sakafu ile kwa uaminifu angeniua leo. Pike aliisoma kwa uaminifu. Wewe hukuisoma hivyo, Thacher. Kwa nini?"

Nilikuwa na hotuba tayari kuhusu mifupa. Niliutia mkono mfukoni ili niitoe kwa heshima, na vidole vyangu vikakutana na chaki.

"Na samaki," nahodha akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nani katika meli hii ana nafasi ya kumchorea samaki tabasamu?"

Watu kumi na wanane walinitazama. Nikautoa mkono mfukoni, mweupe kama wake.

"Mimi, afande," nikasema. "Lakini alikuwa anamcheka Luteni."