Beleshi la Upande Mbichi

Watu wakiniuliza kazi yangu nawajibu kuwa mimi ni mpishi, na wakiuliza napika nini, wanajuta. Napika damu. Inaletwa kutoka machinjioni ndani ya tangi, naichemsha kwa mvuke mpaka igande, kisha inakamuliwa, inakaushwa na kusagwa kuwa unga mweusi wa kuchanganyia chakula cha kuku. Si kazi ya kutapisha. Kinachotapisha ni uzembe, na mzembe simvumilii hata kama tumenyonya ziwa moja.

Sheria yetu kubwa ni mstari wa njano sakafuni. Upande huu damu mbichi, beleshi jekundu. Upande ule unga, beleshi la kijani. Jekundu likigusa unga, vijidudu vimerudi na upishi wote ni kazi bure. Mstari huo aliuchora Mjomba, kaka yake mama, aliyeniingiza kazini. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu kwa heshima zake.

Asubuhi hiyo nikamkuta anajaza magunia kwa beleshi jekundu.

Hasira zikanipanda. Nikinyamaza, hakuna atakayejua ila kuku wa watu. Nikisema, watamtoa kama mzembe, yeye aliyetufundisha sote.

"Mjomba, unafanya nini na beleshi hilo?"

"Najaza magunia, unaona nacheza? Mpishi, rudi jikoni."

"Hilo ni la damu mbichi!"

"Usinivunjie heshima, mama. Mimi na mabeleshi haya tumezeeka pamoja." Akaliinua mpaka usoni kwangu. "Hili si la kijani?"

Lilikuwa jekundu kama pilipili. Nikamtazama vizuri, na kwa mara ya kwanza nikauona ukungu kwenye mboni zake. Hasira zote zikaniisha. Nilimwonea huruma, na nikaona aibu kwa nilivyomfokea.

"Ni jekundu, Mjomba."

Alilisogeza kwenye jicho moja, kisha jingine, akaliweka chini taratibu. Nikamwita msimamizi, nikamwambia magunia yale sita yarudi kupikwa upya. Akatoa daftari, akaandika tarehe ya siku ile.

"Andika na mzigo wa jana," Mjomba alisema.

"Wa jana umeshapakiwa kwenye lori, mzee wangu."

"Basi ushushwe. Jana pia nilikuwa na hakika."